Ndoo za Kukinga Bamvua

Shufaa alihamia kisiwa cha Kipandeni na vitu vichache: godoro, masufuria, kinu, mikeka, na watoto wawili wasiojua kutulia. Najma alikuwa na miaka minne. Ausi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, na kila alipokimbia alianguka.

Mume wake, Hamidu, ni fundi mwashi. Alikuwa amepata kazi ya kujenga madarasa ya shule upande wa pili wa kisiwa, kazi ya mwaka mzima. Akasema, "Mama Najma, sitaki kuishi mbali na nyinyi. Twende wote." Shufaa hakuambiwa mara mbili. Kabla mume hajamaliza kusema, yeye alishaanza kufunga mizigo.

Shufaa alizaliwa Fukayosi, akakulia Fukayosi, akaolewa Fukayosi. Alijua kulima mahindi na ufuta. Alijua nyoka yupi ana sumu na kuni zipi hazitoi moshi. Bahari alikuwa ameiona Bagamoyo tu, siku za kwenda sokoni, tena kwa mbali na mzigo kichwani. Sasa bahari ilikuwa mlangoni kwake, na furaha aliyokuwa nayo haikumpa usingizi.

Asubuhi ya kwanza Najma alitoka nje, akarudi mbio amejishika kichwa.

"Mama! Mama! Maji yameibiwa!"

Shufaa akatoka kuangalia. Kweli bwana! Jana jioni walipofika, maji yalikuwa karibu na ngazi ya nyumba. Sasa palikuwa na mchanga mtupu, mweupe, hadi mbali kabisa, na ndege wanatembea juu yake. Shufaa alipiga makofi. Alimrusha Ausi juu, akamdaka. Hajawahi kuona uwanja mkubwa namna ile ambao hauna mwenyewe.

Jioni maji yakarudi. Kesho yake asubuhi yakaondoka, jioni yakarudi tena. Shufaa akaona amekwisha elewa.

"Baba Najma, bahari ni kama ng'ombe," alimwambia mumewe wakati wa kula. "Asubuhi inakwenda malishoni, jioni inarudi zizini."

Hamidu naye ni mtoto wa Fukayosi. Alikubali kwa kichwa, akaongeza mchuzi.

Jirani yao alikuwa mama mmoja aitwaye Bi Miza. Bi Miza ni mkulima, lakini shamba lake liko baharini. Analima mwani, yale majani ya bahari yanayofungwa kwenye kamba, yakikua yanavunwa na kuanikwa, kisha yanauzwa. Ana sauti kubwa. Akikusalimu wewe, anasikia na mtu wa nyumba ya tatu.

Siku moja asubuhi alipita mbele ya nyumba, hana gunia wala kamba.

"Shikamoo, Bi Miza," Shufaa aliamkia.

"Marahaba, mwanangu! Hamjambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo. Leo huendi shamba?"

"Shamba gani, na maji mafu haya? Nitakwenda wiki ijayo. Leo nalala mimi!" Bi Miza akacheka, akaenda zake.

Shufaa alibaki amesimama. Maji mafu! Mfu ni mtu aliyekufa. Sasa maji mafu ni maji ya namna gani? Yana maiti ndani yake? Au ni maji yanayoua? Na kama Bi Miza mwenyewe, mwenyeji, ameyaogopa, yeye mgeni ni nani asiyaogope?

Hapo angeweza kumwita Bi Miza na kumuuliza. Alikuwa hajafika hata kwenye kona. Lakini Shufaa aliona haya. Hakutaka kuitwa mshamba, tena katika wiki yake ya kwanza. Basi akanyamaza na ujinga wake, akawakamata watoto, akawaingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Kwa siku kadhaa watoto hawakukanyaga mchanga. Nyumba ilikuwa ya joto. Ausi alitoka vipele mgongoni, akawa anaupiga mlango kwa mwiko na kulia. Najma alikaa dirishani akiwatazama watoto wa jirani wakicheza majini, huku mama zao wamekaa karibu wakisuka ukili wa mikeka. Shufaa naye aliwatazama, akasikitika.

"Masikini, watoto wa watu," alisema. "Hawana mtu wa kuwaambia."

Siku zikapita. Jioni moja Bi Miza alipita tena, safari hii na kamba begani.

"Mama Najma! Keshokutwa bamvua hilo! Tena kubwa. Chunga watoto!"

"Haya, Bi Miza, asante sana!"

Safari hii Shufaa hakuhitaji kumuuliza mtu. Neno hili alilielewa mara moja. Kwao, kaka mkubwa wa baba huitwa ba mkubwa, na mdogo wake huitwa ba mdogo. Basi ba mvua ni nani kama si baba wa mvua zote? Na mvua ndiyo kazi yake! Mtu wa Fukayosi hafundishwi mvua na mtu wa kisiwani.

Alianza kazi palepale, tena kwa furaha, kwa sababu maji matamu ni ya shida pale kisiwani. Alizipanga ndoo zote chini ya upenu. Ndoo zikaisha, akaleta masufuria. Masufuria yakaisha, akaleta beseni la kumwogeshea Ausi. Kuni aliziingiza ndani. Hamidu aliporudi kazini alikuta uani hapana pa kukanyaga.

"Kuna nini?"

"Keshokutwa mvua kubwa."

Hamidu alitazama juu. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, na anga halikuwa na hata kiwingu. Lakini alikuwa amechoka, akapita katikati ya masufuria akaenda kuoga.

Keshokutwa ikafika. Jua lilichomoza likawaka. Shufaa alitazama mashariki, hakuna kitu. Alitazama kusini, hakuna kitu. Akacheka mwenyewe.

"Hawa watu wa hapa hawaijui mvua kabisa."

Halafu akatazama baharini, na moyo ukamruka kwa furaha. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kuliko siku zote. Mchanga ulikuwa mpana mpaka unashangaza! Mbele kidogo kulikuwa na fungu, yaani kilima kidogo cha mchanga. Kati ya fungu na kijiji palikuwa na bonde dogo lenye vidimbwi vya maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

"Twendeni!" Shufaa aliwaambia watoto. "Leo hakuna maji mafu wala mvua. Leo ni yetu."

Walivuka lile bonde wakirusha maji kwa miguu. Walitandika mkeka juu ya fungu. Najma alichimba mashimo, akakimbiza kaa, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ausi alikalia kidimbwi hapohapo juu na kukataa kutoka. Shufaa alikuwa amebeba ungo na mchele wa mchana. Alikaa mkekani akachagua mawe, na kila mara aliinua kichwa kuitazama bahari mbele yake. Ilikuwa mbali. Itarudi jioni, kama ng'ombe.

Jua lilikuwa limefika utosini Najma aliposema, "Mama, maji yamerudi."

Shufaa akatazama mbele. "Bado, mwanangu. Yako kule."

"Siyo kule. Huku, nyuma."

Shufaa akageuka. Lile bonde dogo halikuwepo tena. Palikuwa na mto! Maji yalikuwa yamezunguka fungu kimyakimya, yakaingia bondeni kwanza, na sasa yalikuwa yanapita kwa kasi kati yao na nyumbani.

Ungo ulimtoka mkononi. Alimfunga Ausi mgongoni kwa kanga, akaikaza mpaka mtoto akalia. Akamshika Najma mkono, akaingia majini. Hatua chache tu, maji yakamfika magotini. Akaenda. Yakamfika mapajani, na Najma yakamfika kifuani.

"Mama, miguu yangu haigusi chini!"

Shufaa alimnyanyua kwa mkono mmoja. Maji yalimsukuma ubavuni, akayumba. Hajui kuogelea. Mto wa kwao hujaa mvua ikinyesha tu, na leo mvua haikunyesha! Alitaka kupiga kelele, lakini sauti haikutoka.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Usije hapo! Hapo shimo! Rudi nyuma, pita kwangu! Pita kwangu, Mama Najma!"

Alikuwa Bi Miza. Yeye na wenzake walikuwa wanatoka kwenye mwani. Alitupa gunia lake, akaingia majini na nguo zake, anajua kila mahali pa kukanyaga. Alifika, akamchukua Najma akamweka begani. Mkono wa pili akamshika Shufaa kiunoni kwenye pindo la nguo, kama anayemkamata mwizi.

"Tembea. Usisimame. Usitazame maji, nitazame mimi. Tembea!"

Walitoka. Walianguka wote juu ya mchanga mkavu, Ausi analia, Najma anakohoa, wote wazima. Kule nyuma mkeka ulikuwa unaelea na kwenda zake. Shufaa aliwakumbatia watoto wake, akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Bi Miza alimwacha alie. Halafu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama Najma, mimi sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sikukwambia leo bamvua, chunga watoto?"

"Uliniambia, Bi Miza! Nikakinga na ndoo! Lakini mvua haikunyesha!"

Wanawake wa mwani wakatazamana. Bi Miza akafumbua mdomo, akaufumba.

"Ndoo?"

"Ndoo zote. Na masufuria. Ulisema ba mvua. Nikajua ni baba wa mvua."

Kwanza alicheka mmoja. Halafu wakacheka wote. Bi Miza alikaa chini kabisa, akapiga mchanga kwa kiganja, machozi yanamtoka. "Baba wa mvua! Jamani! Amemkinga kwa ndoo!" Hata Shufaa, na kilio chake chote, alijikuta anacheka.

"Bamvua si mvua, mwanangu," Bi Miza alisema alipopata pumzi. "Bamvua ni siku ambazo maji yanatoka mbali sana, halafu yanarudi kwa nguvu na kujaa sana. Mvua haimo kabisa."

"Na maji mafu?"

"Maji mafu ni siku ambazo maji hayana nguvu. Yanatoka kidogo, yanaingia kidogo, yamepoa. Mimi siwezi kufika kwenye mwani wangu, kwa hiyo napumzika. Lakini kwa watoto wadogo ndizo siku nzuri, mradi mtu mzima awe karibu."

Shufaa akajifunika uso kwa kanga.

"Bi Miza, siku za maji mafu mimi niliwafungia ndani."

Wakacheka upya. Lakini Bi Miza hakucheka sana mara hii. Alimshika Shufaa mkono.

"Kosa langu nami limo. Nimezaliwa humu. Sikufikiri kwamba mtu anaweza asilijue neno bamvua. Lakini wewe, mbona hukuuliza?"

"Niliona haya."

"Haya yako ilitaka kuzika mtoto," Bi Miza alisema. Hakusema kwa hasira, lakini Shufaa aliwavuta watoto karibu zaidi.

Jioni Hamidu alipoambiwa, alikaa chini akawakumbatia watoto muda mrefu. Hamidu hajui kuficha jambo kwa mama yake. Alimpigia simu Fukayosi, akamweleza yote. Mama yake, Bi Mwanajuma, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataka kuzungumza na Shufaa.

"Mkwe wangu, pole sana," alisema. "Namshukuru Mungu. Sasa nisikilize. Namalizia kuvuna ufuta, nikimaliza nakuja. Nawachukua wajukuu zangu. Kisiwa si mahali pa kulea watoto."

"Mama..."

"Nyinyi bakini na kazi yenu. Watoto watakuwa kwangu mpaka mwaka uishe."

Simu ikakatika. Shufaa alimtazama mumewe.

"Wewe unasemaje?"

Hamidu alikuna kichwa. "Mama Najma, mimi leo nimeogopa. Mama akija, tutaamua."

Mwaka mzima bila Najma na Ausi! Shufaa aliwatazama walivyolala, mchanga ungali kwenye nywele zao. Hapo haya ilimwisha. Alfajiri, baada ya sala, alikuwa mlangoni kwa Bi Miza.

"Hodi! Bi Miza, nimekuja kuuliza. Nitauliza mengi."

"Karibu! Uliza mpaka uchoke."

Walikwenda ufukweni na watoto. Bi Miza aliuliza yeye kwanza.

"Leo mwezi ngapi?"

Shufaa akamtajia tarehe aliyoiona kwenye simu.

"Siyo huo. Mwezi wa mbinguni! Ramadhani hamfungi huko kwenu? Hamwangalii mwezi?"

"Tunaangalia!"

"Basi ni mwezi huohuo. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu umejaa duara, ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu. Mkulima wa kwenu anatazama mawingu. Mkulima wa hapa anatazama mwezi."

Shufaa alistuka kwa furaha. Mwezi! Kumbe kitu chenyewe alikuwa anakijua tangu utoto.

"Lakini maji yanarudi jioni, sivyo?"

"Nani kakudanganya? Kila siku yanachelewa kidogo, karibu saa moja. Leo yakijaa alasiri, kesho yatajaa baadaye kidogo, na keshokutwa baadaye tena. Ukikaa wiki moja, yatakuwa yamegeuka kabisa. Saa uliyokuwa unakuta mchanga, utakuta maji."

"Kwa hiyo si ng'ombe," Shufaa alisema polepole.

"Ng'ombe yupi tena?"

"Hapana, endelea."

Bi Miza alimpeleka mpaka maji yanapoishia. "Tazama ukingo. Mchanga ulio juu ya maji umeloa au mkavu?"

"Umeloa."

"Maana yake maji yalikuwa hapo juu, sasa yanatoka. Ukikuta mchanga mkavu umegusana na maji, jua yanaingia. Na kama huna hakika, chomeka kijiti ukingoni, usubiri. Maji yakikiacha kijiti, yanatoka. Yakikizunguka, yanaingia."

Najma alikuwa amekwisha kimbia kutafuta kijiti. Alikichomeka, akachuchumaa mbele yake, mikono mashavuni. Muda si mrefu akaruka juu.

"Yanakiacha! Mama, yanakiacha!"

Kuanzia siku ile ukawa ndio mchezo wa nyumba. Hakuna aliyegusa bahari kabla kijiti hakijasema. Shufaa alijifunza mengine pia, moja leo, moja kesho, mengine kwa kukaripiwa. Siku moja Bi Miza alimkuta anachambua mboga ufukweni huku watoto wanaoga. Alimnyang'anya mboga.

"Ukichunga mtoto majini, unachunga mtoto tu. Huchambui mboga, huzungumzi na simu. Na kaa pale unapoweza kumshika bila kunyanyuka. Mtoto akizama hapigi kelele. Anazama kimya."

Shufaa alikumbuka jinsi sauti yake mwenyewe ilivyokataa kutoka. Alisogea karibu na watoto.

Siku nyingine Bi Miza aliingia uani, akamwona Ausi ameinamia ndoo ya maji, kichwa kinaelekea ndani. Alimvuta kwa nyuma ya kaptula.

"Unaogopa bahari, na hii hapa? Kwa mtoto wa kimo hiki, ndoo ni bahari tosha. Funika ndoo zako, mwanangu. Ile tupu ilaze kifudifudi."

Hamidu naye hakukaa bure. Alijenga uzio wa fito na makuti upande wa baharini, akautia mlango wenye kitanzi cha juu ambacho Najma hakifikii. Shufaa alimwambia hata juu ya safari. "Siku tukipanda boti, watoto wavae jaketi okozi, hata kama ni safari fupi. Bi Miza amesema." Kila jambo siku zile lilikuwa Bi Miza amesema, mpaka Hamidu akawa anamtania mkewe kwamba ameolewa na Bi Miza.

Halafu ikaja siku aliyoifurahia kuliko zote. Shufaa aliutazama mwezi, akahesabu kwa vidole, akapiga kelele kupita juu ya uzio.

"Bi Miza! Leo maji yanajaa adhuhuri, kisha yanaanza kutoka!"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia!"

Adhuhuri alikimbia ufukweni na Ausi mgongoni, Najma mkononi. Kijiti kilichomekwa, wakasubiri. Maji yalisimama. Kisha taratibu, taratibu, yakakiacha kijiti, na mchanga ulioloa ukaonekana. Shufaa alipiga kigelegele peke yake pale ufukweni. Wavuvi wawili waliokuwa wanatengeneza nyavu waliinuka kuuliza kuna harusi ya nani.

Mwezi ulipoandama, Bi Mwanajuma aliwasili. Alishuka kwenye boti na gunia la mahindi, kuku watatu na uso uliokwisha kata shauri. Aliwabusu wajukuu mpaka wakachoka.

"Kesho boti inarudi Bagamoyo," alisema. "Wafungie nguo zao leo. Lakini kwanza nionyesheni mahali penyewe."

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Walikwenda mpaka ufukweni. Fungu lilionekana kavu, na bonde lilikuwa bado na vidimbwi. Bi Mwanajuma alipandisha gauni lake kidogo.

"Mbona pakavu? Haya, tuvuke."

"Hapana, mama," Shufaa alisema. "Sasa hatuvuki. Maji yanaingia."

"Yanaingia wapi? Mimi sina macho?"

Najma alichomeka kijiti chake ukingoni mwa kidimbwi. "Bibi, kaa hapa. Utaona."

Bibi alikaa, kwa kumridhisha mtoto tu. Maji yakagusa kijiti. Yakakizunguka. Punde bonde likaanza kujaa, kutoka nyuma ya fungu, bila mawimbi na bila kelele. Muda si muda fungu likawa kisiwa, na katikati palikuwa na mto ule ule. Bi Mwanajuma alimkamata Ausi akamkumbatia kwa nguvu.

"Hapa ndipo walipokuwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ndiyo maana nawachukua!" Alimshika na Najma mkono. "Sasa nimeona kwa macho yangu. Sitalala Fukayosi nikijua wanacheza hapa."

Shufaa aliona kila kitu kinamponyoka. Alimtaka mama mkwe aone kwamba yeye sasa anajua, kumbe alichomwonyesha ni hatari tu. Alipiga magoti mchangani mbele yake.

"Mama, Hamidu alipokuwa mdogo, shambani kwako kulikuwa na nyoka?"

"Nyoka? Tele."

"Na moto wa kuchoma mashamba?"

"Kila mwaka."

"Mbona hukumpeleka kwa watu mjini?"

Bi Mwanajuma alikunja uso. "Nimpeleke kwa nani? Nilimfundisha. Nilimwonyesha nyoka alipo, nikamwambia pasipokatwa majani usitie mguu. Na mimi mwenyewe sikumwacha peke yake."

"Nami ndivyo nilivyofanya, mama. Mwanzo sikujua, nikakosea, na nusura niwapoteze. Sasa najua. Nijaribu kesho asubuhi tu, kabla ya boti. Ukiona siwezi, nguo zao nitazifunga mwenyewe."

Usiku Bi Mwanajuma alizikunja nguo za watoto, akaziweka kwenye mfuko, na mfuko akauweka karibu na mlango.

Asubuhi Shufaa alipika uji, akawapa watoto, wala hakuharakisha. Bibi alikuwa amekwisha vaa.

"Hatuendi?"

"Bado, mama. Maji bado yanatoka. Tusubiri kidogo."

Walipotoka, na Hamidu akiwa hakwenda kazini siku ile, bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa. Bi Mwanajuma alisimama kwenye mchanga ule mpana, kanga ikipepea, akasahau kufunga mdomo. Watoto walivaa viatu vya plastiki kwa ajili ya miba na mawe makali. Bi Miza alikuwa mbali kwenye mwani wake, akapunga mkono na kusalimu kwa sauti iliyofika mpaka kwao. Wao walibaki upande wa nyumbani, hawakuvuka bonde.

Mwanzo bibi alisimama akiwachunga wajukuu kama mtu anayelinda ndege shambani. Kisha Najma akamwonyesha kaa. Kaa akakimbia upande. Bibi akamfuata.

"Anakwenda ubavu! Mtazameni huyu! Hamidu, hebu njoo umwone!"

Alimkimbiza mpaka akaingia shimoni. Akamwona mwingine. Akaokota simbi, yale makombe madogo ya pwani, akazitia kwenye pindo la kanga. Akakaa kidimbwini na Ausi, wote wawili wamelowa, wanarushiana maji. Hamidu alimtazama mama yake kwa mshangao. Tangu utoto wake hajamwona akicheza.

Shufaa hakucheza. Alikaa karibu na watoto, macho kwao, kisha kwenye kijiti alichokichomeka Najma ukingoni mwa bonde.

"Bibi, turudi!" Najma aliita. "Kijiti kinazungukwa!"

"Subiri kidogo, nimemwona mwingine mkubwa..."

"Hapana, bibi. Kikizungukwa tunarudi. Hatusubiri."

Mtoto wa miaka minne alimshika bibi yake mkono akamvuta. Na Bi Mwanajuma, mama aliyelea watoto saba na ambaye Fukayosi nzima hakuna anayembishia, aliinuka akamfuata.

Nyumbani Hamidu alifunga kitanzi cha mlango wa uzio. Shufaa aliwaogesha watoto kwa maji matamu, akazifunika ndoo. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi, lakini macho yalikuwa kwenye ule mfuko ulio karibu na mlango. Kutoka gatini ilisikika honi ya boti, ikiwaita abiria.

"Mama," Hamidu alisema taratibu. "Boti hiyo."

Bi Mwanajuma alikuwa ameketi kizingitini, anamwaga mchanga kwenye kiatu.

"Naisikia. Iende."

Aliuvuta ule mfuko, akatoa gauni kavu la Najma, akamvisha. Kisha akamgeukia Shufaa.

"Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye kuujua mwezi. Kesho tunatoka saa ngapi?"